Katika Nyumba Hii Hakuna Pushpa

Fomu ya pensheni ya Palanivel ilirudishwa. Sababu ilikuwa mstari mmoja tu: jina la mke halilingani.

Kwenye faili la kiwanda cha nyuzi, mke wake aliitwa Pushpa. Kwenye kadi ya Aadhaar, kitambulisho cha taifa, aliitwa P. Kuppammal. Pensheni isingetoka mpaka majina yalingane. Na Palanivel akifa kabla ya hapo, pesa ya mjane ingemngoja Pushpa, mwanamke ambaye hajazaliwa.

Kuppammal alikuwa jikoni akikoroga uji wa ulezi mumewe alipoingia na karatasi mkononi. Akamsomea. Mwiko ukasimama katikati ya chungu.

"Pushpa ni nani?"

"Mama Kayal, kaa kwanza unywe maji."

"Maji nitakunywa baadaye. Pushpa ni nani?"

"Ni wewe."

Kuppammal akamtazama mumewe kuanzia kichwani hadi kwenye vidole vya miguu. Palanivel akakaa mwenyewe, maana aliona kusimama hakuna faida.

"Siku ile naandikwa kazi," akasema, "karani aliniuliza jina la mke. Nikamtajia. Akacheka mpaka akavua miwani. Akawaita wenzake, 'Njooni mmwone huyu, ameoa jaa la taka!' Idara nzima ikacheka. Kesho yake nikamwendea, nikamwambia nilikosea. Nikasema mke wangu ni Pushpa."

"Pushpa. Ua."

"Nilikuwa kijana, mama Kayal."

"Miaka thelathini na moja! Kazini una ua, nyumbani unakula uji wa jaa!"

Akaondoa chungu motoni, akakaa chini mbali naye. Uji ulikuwa umeshika chini.

Jina lake Kuppammal hakupewa kwa dharau. Kabla yake mama yake alizaa watoto watatu, na wote watatu wakafa. Alipozaliwa yeye, walimfunga kwenye kitambaa kikuukuu, wakambingirisha juu ya jaa nyuma ya zizi, wakamwacha hapo. Jirani akapita, akajifanya amemwokota. Mama akamnunua tena kwa jirani kwa kibaba cha pumba. Walifanya hivyo ili kifo kione huyu ni takataka, kipite. Wakamwita Kuppammal, mama wa jaa. Na kifo kilipita kweli. Sasa alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na meno yake yote kinywani.

Jioni ile alikuja Sekar, wakala anayeshughulikia karatasi za watu maofisini kwa malipo. Huyu ana pikipiki nyekundu na miwani ya jua ambayo haivui hata ndani ya nyumba. Habari za karatasi za watu humfikia upesi.

"Shangazi, jambo hili ni dogo," akasema Sekar. "Faili la kiwanda ni la zamani, gumu kuligusa. Tunabadili kadi zako. Aadhaar, benki, zote ziwe Pushpa. Nipe rupia elfu sita na alama ya kidole chako cha gumba, usahau."

Palanivel akakuna shingo. Mwaka uliopita daktari alimzibua mshipa wa moyo, na tangu siku ile alikuwa akihesabu mambo ambayo hayajamalizika.

"Labda tufanye hivyo," akasema polepole. "Mimi nikiondoka ghafla, utakula nini? Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, badili lako," Kuppammal akamjibu. "Jiite Pushpa wewe!"

Sekar akacheka. Hakuna aliyecheka naye. Akawasha pikipiki.

Asubuhi Kuppammal hakwenda kwenye karakana ya fulana, ambako alikata nyuzi zinazoning'inia kwenye mishono. Alikwenda kwa jirani yake Dhanam, katibu wa kikundi cha akina mama cha kuweka akiba. Dhanam alikuwa amewahi kusumbuka mwaka mzima kwa sababu ya jina la marehemu mumewe. Tangu hapo alizijua ofisi zote za wilaya, na ofisi zilimjua yeye.

"Hukumpa Sekar gumba?" ndilo neno lake la kwanza.

"Sikumpa."

"Basi hujapotea. Nenda kalete karatasi zote za nyumbani kwako. Ninaposema zote, dada, namaanisha mpaka zile ulizofunika nazo mtungi."

Walizitandaza kwenye mkeka barazani kwa Dhanam. Palanivel naye alikuja, akakaa pembeni kama mtu aliyeitwa barazani kwa mzee wa mtaa. Dhanam akavaa miwani, akasoma kila karatasi herufi kwa herufi, kidole kikienda pamoja na jicho.

"Cheti cha kuacha shule, darasa la tano. R. Kuppammal. Aadhaar, P. Kuppammal. Benki, P. Kuppammal. Kadi ya mgao wa mchele, Kuppayi. Lo! Huyu Kuppayi ndiye anayekula mchele wako?"

"Karani aliandika alivyosikia."

"Na wewe ukanyamaza. Kadi ya kura, Kuppamal. Hapa wamekunyang'anya m moja. Halafu kiwandani, Pushpa." Akainua macho juu ya miwani, akamtazama Palanivel. "Kaka Palanivel, hongera. Una wake wanne."

"Dhanam, usinimalize."

"Sijaanza. Sikilizeni wote wawili. Kwanza, hiyo R na hiyo P. R ni ya baba yako, Rangan. Ulipoolewa ukachukua P ya mumeo. Hapa kijijini kila mtu anajua. Lakini anayesoma faili mbali huko haoni harusi, anaona herufi mbili tofauti. Kwa hiyo lazima iandikwe mahali kwamba ni mtu mmoja."

"Na jina lenyewe?" Kuppammal akauliza. "Sekar anasema nigeuze kadi zangu."

"Ndilo kosa kubwa kuliko yote. Usibadili karatasi iliyo sahihi ili ifanane na iliyokosewa. Ukigeuza Aadhaar iwe Pushpa, benki itakukataa. Ukigeuza benki, cheti cha kuzaliwa cha Kayal kinasema mama yake ni Kuppammal. Je, mtoto naye ageuzwe? Chagua jina moja, lile lenye ushahidi mkubwa. Lako lipo shuleni, lipo Aadhaar, lipo benki, lipo kwa mwanao. Hilo ndilo. Zilizokosewa ndizo zitakazolifuata."

Kuppammal akakaa wima. Alihisi kama mtu aliyekuwa kwenye kesi, sasa ameambiwa ameshinda.

"Na la kiwandani nani atalirekebisha?" Palanivel akauliza.

"Aliyelileta," Dhanam akajibu.

Siku ya pili walikwenda mjini Tiruppur kwa wakili anayeapisha watu. Dhanam alikuwa amewaeleza maneno ya kusema, na wakili aliyaandika kwenye karatasi yenye muhuri wa serikali. Kuppammal, binti wa Rangan na mke wa Palanivel, aliapa kwamba yeye ndiye yuleyule aliyeandikwa Pushpa, Kuppayi na Kuppamal, na kwamba jina lake sahihi ni Kuppammal. Kabla hajatia saini alisoma kila herufi ya jina lake kwa sauti. Wakili alipotaka kumharakisha, akamwambia, "Mwanangu, kuharakishwa ndiko kulikonifikisha hapa." Akahesabu m mbili. Zilikuwepo. Akatia saini.

Siku hiyohiyo walipitia kituo cha huduma za serikali, wakaomba kadi ya mgao na kadi ya kura zirekebishwe. Kijana wa kituo akawapa stakabadhi zenye namba. "Hizi msizipoteze," akasema. "Bila namba, hamkuja hapa." Kuppammal akazifunga kwenye pindo la sari yake, akapiga fundo mara mbili.

Ikabaki kiwanda.

Ofisi ya wafanyakazi ilikuwa na dirisha linalotazama ua, na ilikuwa saa ya chai. Wazee wa idara ya kusokota walikuwa wamesimama pale na vikombe vyao. Wengine walikuwepo siku ile karani alipovua miwani. Karani mwenyewe alishastaafu zamani. Kwenye kiti chake alikaa binti mmoja mpole, akafungua faili.

"Baba, hii ni barua ya pamoja. Mtaisaini ninyi, kisha kiwanda kitasaini, ndipo niipeleke ofisi ya pensheni pamoja na kiapo na nakala za kadi. Lakini lazima utamke mwenyewe. Jina sahihi la mkeo ni nani?"

Palanivel akasema kitu chini ya masharubu yake.

"Sijasikia, baba."

Pale dirishani wazee walishusha vikombe, wakageuka kutazama. Kuppammal hakumwangalia mumewe. Aliangalia ukuta, mgongo umenyooka, mikono juu ya mkoba wa karatasi. Alijiambia kwamba akisema Pushpa hata mara moja tu, atarudi nyumbani kwa basi peke yake.

Palanivel akasimama.

"Kuppammal!" akasema, na mle ofisini alisikika kama bado anashindana na kelele za mashine. "Mke wangu anaitwa Kuppammal. Hajawahi kuitwa vingine. Pushpa nilimtunga mimi, kwa kuogopa kuchekwa. Andika hivyo."

"Hilo la kuogopa halina nafasi kwenye fomu, baba," binti akasema. Lakini alitabasamu. Dirishani mzee mmoja akasema, "Haya, sasa nani anacheka?" Hakuna aliyecheka.

"Na wewe, mama. Jina la mume?"

Hapo Kuppammal akakwama. Tangu aolewe hakuwahi kulitamka jina la mumewe. Mama yake hakulitamka la baba yake, na bibi yake vilevile.

"Ni huyu hapa," akasema.

"Namwona. Jina lake?"

"Ule mlima watu wanakokwenda kunyolewa vipara."

"Palani?"

"Haya, umefika karibu. Malizia na ule mkuki wa mungu wa mlima huo."

Binti akaweka kalamu chini akicheka. "Mama, nikimalizia mimi, mwaka kesho mtarudi hapa na jina lingine tena. Lazima litoke kwako."

Kuppammal akafikiri. Mumewe alikuwa bado amesimama, masikio yamemwiva. Kwa heshima yeye hakulitaja jina la mumewe. Kwa aibu mumewe hakulitaja lake. Mmoja tayari amemaliza.

"Palanivel," akasema, wazi, bila kuinamisha kichwa.

Palanivel akageuka haraka, kama mtu aliyeitwa kutoka upande wa pili wa mto.

Wiki sita baadaye hati ya pensheni ilifika. Ilikuwa na picha yao wawili pamoja, na chini yake: mke, P. Kuppammal. Palanivel aliisoma mara mbili, kisha akampa naye asome. Kadi ya mgao ilikuwa imekwisha rudi, Kuppayi hayumo. Kadi ya kura ilirudi na m yake. Kuppammal alizipanga zote mkekani, akaita Dhanam aje azikague kwa kidole chake. Dhanam akakagua, asiambulie kosa.

"Umenikosesha raha ya kugomba," akasema.

Siku Palanivel alipochukua pensheni ya kwanza, hakurudi peke yake. Alirudi na mchoraji wa mabango na kopo la rangi ya samawati. Akamwonyesha ukuta wa mbele, juu ya mlango.

"Andika: Nyumba ya Kuppammal."

Mchoraji akapima kwa kamba. "Kaka, mimi nalipwa kwa herufi, na hilo ni refu. Huna jina fupi?"

"Lilikuwepo," akasema Palanivel. "Andika hilo hilo, lote."

Kuppammal alisimama njiani, mikono kiunoni, akiangalia kila herufi ikipanda ukutani. Majirani wakasimama naye. Alipoona m ya pili imekauka, akaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, ili Sekar wa elfu sita, aliyekuwa akipita na pikipiki yake, naye asikie.

Karatasi ya muhuri, rupia ishirini. Wakili wa kiapo, mia mbili. Picha ya wawili, mia na ishirini. Nakala, arobaini na nne. Kituo cha huduma, sitini. Nauli za basi, mia moja hamsini na sita. Siku tatu za karakana alizokosa, elfu moja na mia mbili. Mchoraji, mia tatu na hamsini.

Jumla, rupia elfu mbili mia moja na hamsini.