K Inayopiga Goti

Ilikuwa siku ya soko Emali, malori yamejipanga mpaka karibu na reli. Kalunde alikuwa kwenye kaunta ya vifurushi, gauni lake la njano likimeremeta, wakati kijana mwenye vumbi jekundu shatini alipotua boksi la miche ya michungwa.

"Wewe ni Nthiwa wa Kalamba," Kalunde akasema.

"Aiya! Umenijuaje? Huwa natuma mtu."

"Mwandiko. Miezi minne nasoma maboksi yako. Herufi k yako hupiga goti, na mstari wa t huanzia mbali ukaishia hewani."

Nthiwa akacheka. "Kumbe kuna mtu ananisoma! Na nikiandika mbiombio?"

"Zinakonda tu. Goti liko palepale."

Nthiwa akaondoka na namba ya simu ya Kalunde. Tangu hapo hakuna jioni iliyopita bila kupigiana.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula, mpenzi. Ama bado unabembeleza miche?"

Baada ya miezi mitatu Nthiwa akaahidi kuja kanisani Jumapili, amsalimie mama yake Kalunde.

Hakuja. Kalunde, ndani ya kitenge kipya, alimwekea nafasi kwenye benchi mpaka ibada ikaisha. Simu ya Nthiwa ilikuwa imezimwa. Jumatano akapiga kwa namba ngeni.

"Kalunde, mpenzi, nisikize kwanza..."

"Nilikungoja Jumapili nzima mbele ya mama yangu. Usinipigie tena!" Akakata, akaifungia ile namba.

Wiki mbili baadaye likaja boksi la machungwa lililoandikwa "Kalunde wa kaunta, Emali". Jina la aliyetuma halikuwepo. Herufi zilikuwa kubwa, zimepinda, kama za mtoto wa chekechea. Alitaka kulisukuma kando, lakini macho yakarudi kwenye k. Ilikuwa imepiga goti.

Akatoa karatasi za zamani za vifurushi, akalinganisha herufi moja moja. T nayo ni ileile. Ni yeye. Lakini mbona mwandiko unatetemeka? Hamu ya kujua ikaishinda hasira. Akaifungua ile namba aliyoifungia, akapiga.

"Nthiwa, mkono wako una nini?"

"Nilianguka na pikipiki nikija kanisani. Wa kulia ulivunjika, simu ikapondeka. Hii ni ya dada yangu. Kwenye boksi nimeandika kwa mkono wa kushoto."

"Kushoto? Na goti limetoka wapi?"

"Hata mimi sijui! Nilidhani hutanijua. Nilitaka tu ule machungwa, usiyarudishe."

Kalunde akafuta machozi kwa kiganja. "Nisamehe. Sikukuacha uongee."

Jumamosi akaenda Kalamba. Alimkuta Nthiwa kati ya miche, mkono ndani ya plasta, akimwagilia kwa kopo.

"Hiyo plasta inatoka lini?"

"Mwezi ujao."

"Ni mbali. Lete wazee wako kwetu Jumamosi ijayo."

Nthiwa akainua mkono wenye plasta. "Nije kuposa na mkono mmoja?"

"Wazee wako si wana mikono?"

Kopo likamponyoka, maji yakamlowesha viatu vyote viwili, naye tayari alikuwa anakimbilia nyumbani akimwita mama yake.