Jogoo wa Mzee Komba

Kila asubuhi Helena aliondoka nyumbani kwao Chuno akiwa na begi mgongoni na ufagio wa chelewa mkononi. Njiani alikutana na Americo, mwenzake wa darasa la sita, na wawili hao hawakuwahi kufika shuleni bila kubishana. Watoto wengine walibishana kuhusu timu kubwa za Dar es Salaam. Hawa walibishana kuhusu Mkorosho, timu ya mtaani kwao.

"Mkorosho ya zamani ndiyo iliyokuwa timu," Americo alisema. "Babu yangu kule Ziwani anasema walikuwa wakipiga shuti, nyavu zinalia."

"Babu yako ameona Kelvin akidaka?" Helena alimjibu. "Mechi kumi na mbili hajafungwa! Hao wa zamani hata picha zao hazionekani vizuri."

Helena alikuwa bado mgeni kidogo Mtwara. Baba yake, Mzee Elia, alipata kazi bandarini mwaka uliopita, familia ikahama kutoka Singida. Kwa miezi hiyo Helena alikuwa amejifunza mambo mawili makubwa. La kwanza, maji ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, hayatoki kwenye shati jeupe la shule, hata ufue mpaka mikono ichubuke. La pili, Kelvin, golikipa wa Mkorosho, hana mpinzani duniani.

Asubuhi hiyo Mwalimu Veronika aliingia darasani akitabasamu.

"Mkorosho inatimiza miaka hamsini," alisema. "Jumamosi ya wiki ijayo kutakuwa na sherehe na mechi. Wachezaji wa zamani wataalikwa, na Mzee Komba, aliyekuwa golikipa, atamkabidhi Kelvin glovu zake za zamani. Sisi tutafanya mdahalo Ijumaa hii. Mada ni kwamba wachezaji wa zamani walikuwa bora kuliko wa sasa. Mzungumzaji bora ataingia uwanjani siku ya mechi akiwa ameshikana mkono na Kelvin."

Helena alipiga kelele kabla hajajizuia. Darasa zima likacheka.

"Taratibu, Helena. Americo ataunga mkono hoja, wewe utaipinga. Lakini sitaki maneno ya kuokota. Kila mmoja aende kwa mtu aliyeyaona mambo, na maswali yake yawe kumi."

Jioni ile Helena alikwenda kwenye kibanda cha Mzee Komba, ambako mzee huyo alikuwa akitengeneza baiskeli tangu alipostaafu. Alimkuta akiziba pancha. Pembeni yake aliketi Mzee Hassani, aliyekuwa winga wa Mkorosho enzi hizo. Mzee Hassani hakuwa na kazi yoyote pale isipokuwa kunywa kahawa na kusema.

"Shikamooni, babu zangu."

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Mzee Komba. "Baiskeli yako ina nini?"

"Sina baiskeli, babu. Nina maswali."

Wazee walifurahi. Helena akauliza swali la kwanza, la pili na la tatu, na Mzee Komba akajibu polepole, mikono yake ikiendelea na kazi. Kidole chake cha kati kilikuwa kimepinda kama ndoano. Helena alikiona, akaandika chini ya ukurasa: *Kidole kilipatwa na nini?* Akauliza swali la nne.

"Babu, mechi gani huwezi kuisahau?"

"Muulize habari za jogoo!" Mzee Hassani alidakia. "Fainali ya mkoa, mwaka themanini na nne. Tunaongoza bao moja. Mpira unakuja taratibu, hata bibi yangu angeudaka. Mngoni huyu akauacha upite. Ukaja wa pili, akauacha pia. Tukafungwa! Kumbe wapinzani walikuwa wameshampelekea jogoo mweupe nyumbani."

Mzee Komba hakuinua hata kichwa. "Alikuwa mwekundu," alisema. "Na mapaja yake ulikula wewe, Myao usiyeshiba."

Wazee wakacheka mpaka Mzee Hassani akavua kofia na kujifuta machozi.

Helena hakucheka. Kalamu yake ilikuwa inakimbia. Alipiga mstari chini ya neno jogoo, kisha akapiga wa pili. Yalikuwa yamebaki maswali sita, pamoja na lile la kidole, lakini wenzake walikuwa wanamsubiri wacheze rede, na yeye alishapata alichokitaka. Akaaga, akaondoka mbio.

Siku ya mdahalo ukumbi ulijaa. Americo alitangulia. Alieleza kwamba wachezaji wa zamani walibeba magunia ya korosho tangu asubuhi, kisha jioni wakaenda mazoezini, na kwamba jozi moja ya viatu ilivaliwa na watu wawili kwa zamu. Alipigiwa makofi mengi.

Helena akasimama. Alitaja mechi kumi na mbili za Kelvin. Alitaja mwalimu wa makipa, mazoezi ya kila siku na chakula bora. Makofi yalikuwa ya wastani tu, naye akayasikia hivyo. Ndipo akafungua ukurasa wenye mistari miwili.

"Ndugu mwenyekiti, hao wanaoitwa mashujaa waliuza fainali kwa jogoo! Mzee Komba aliachia mabao mawili kwa sababu alipewa jogoo!"

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. Mwalimu Veronika alinyanyua mkono mpaka wakanyamaza.

"Helena, una uhakika?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilikuwa hapohapo. Mwenyewe hakukataa, nimeandika kila neno."

Na kweli alikuwa ameandika kila neno. Aliposhuka jukwaani alikuwa mshindi, na viganja vyake vilikuwa vimeanza kutoka jasho kwa kuufikiria mkono wa Kelvin.

Habari njema hutembea, lakini habari ya jogoo ilipanda bodaboda. Ilifika sokoni kabla ya jua kuzama. Jumatatu, Faraja wa darasa la nne alipoingia getini, mtoto mmoja aliwika, "Kokorikooo!" Wengine wakapokea. Faraja ni mjukuu wa Mzee Komba. Aligeuka, akarudi nyumbani akilia, na Jumanne hakuonekana.

"Umefurahi sasa?" Americo alimwuliza Helena wakati wa mapumziko.

"Mimi sijawika. Nilisema nilichosikia."

"Helena, kwani hujui? Yule Mngoni, yule Myao. Wale ni watani! Kila siku wanatupiana maneno. Wiki iliyopita Mzee Komba alisema Mzee Hassani alizaliwa na meno kwa sababu ya ulafi. Hilo nalo ungeandika?"

Helena alifungua daftari, akautazama ule ukurasa wenye mistari miwili.

Jioni alimweleza baba yake. Mzee Elia alianza kucheka, kisha akaacha ghafla alipomwona binti yake machozi yakimlengalenga.

"Mwanangu, unakumbuka mazishi ya bibi yako, Singida? Yule Msukuma aliyeingia kaburini, akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kuku?"

"Nakumbuka. Shangazi alicheka huku analia."

"Je, ungesimama shuleni useme kuna mtu aliiba kaburi la bibi yako?"

"Hapana, baba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni mtani. Kila mtu alikuwa anajua."

"Na hao wazee, uliwaona wamekasirika au wanacheka?"

Helena alitazama sakafu. Hapo ndipo palipomchoma. Alikuwa ameona kila kitu. Alimwona Mzee Hassani akijifuta machozi kwa kofia. Alijua, mahali fulani ndani yake, kwamba watu hawachekelei aibu yao namna ile. Lakini kicheko kisingemshindia mdahalo.

"Walicheka," alisema kwa sauti ndogo. "Baba, nilisoma jogoo, sikusoma kicheko. Nikisema sasa, sitaingia na Kelvin."

"Huenda usiingie kweli," alijibu Mzee Elia. "Siwezi kukudanganya."

Kesho yake, baada ya masomo, Helena alikwenda kibandani. Kiti cha Mzee Hassani kilikuwa kitupu. Mzee Komba alikuwa anafunga boksi dogo la karatasi kwa kamba.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba." Safari hii hakuongeza neno mjukuu.

"Babu, nimekuja kuomba msamaha. Nilijua mlikuwa mnacheka, nikaficha."

Mzee alikaza fundo kwanza. "Jogoo hanisumbui. Nimeishi naye miaka arobaini. Lakini mjukuu wangu amekataa kwenda shule, na hilo limeniuma sana. Hassani naye anaona haya kuja. Kila akiwaambia watu ulikuwa utani, anaambiwa ananifichia siri. Hizi glovu mpelekee mwalimu wako. Sherehe yao sitakwenda."

Helena aliona boksi limewekwa mikononi mwake. Alitamani kulitupa. Badala yake alitoa daftari.

"Babu, yalibaki maswali sita. Naomba nikuulize moja tu. Kidole chako kilipatwa na nini?"

Mzee Komba akauinua mkono wake.

"Fainali hiyohiyo. Kipindi cha pili kilipoanza tu, niliruka kuokoa mpira, mkono ukagonga mwamba wa goli. Kidole kikavunjika. Golikipa wa akiba alikuwa anaumwa malaria, yuko hospitali. Hassani akanifunga kwa kipande cha leso yake, nikarudi golini. Niliokoa kadhaa. Miwili ya mwisho ilinitoka. Tangu siku ile huyo Myao hutania jogoo kila nikikumbuka kidole, ili nicheke nisihuzunike."

Helena aliandika taratibu. Mara mbili ilimbidi asite, kwa sababu machozi yalimficha mstari.

Alhamisi asubuhi aliomba ruhusa ya kuzungumza mstarini. Alisoma yote: jogoo, kicheko, kofia, kidole, leso. Kisha akasema, "Nilishinda kwa kuficha nusu ya niliyoyaona. Mshindi wa kweli ni Americo. Na wanaomwikia Faraja, waache. Kama ni kuwika, niwikieni mimi."

Hakuna aliyewika. Mwalimu Veronika alimshika bega.

"Ushindi nitampa Americo," alisema. "Hilo unalielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu." Aliumia, naye hakujifanya kwamba hajaumia.

Lakini Americo alikuwa na lake. "Mwalimu, mimi naomba Faraja ndiye amshike mkono Kelvin. Nitashika wa mchezaji mwingine yeyote, hata wa akiba."

Mchana ule Mwalimu Veronika mwenyewe, akiongozana na Helena na boksi lake, alikwenda kwa Mzee Komba. Hakuna aliyesikia waliyozungumza isipokuwa Helena, na yeye alichokumbuka zaidi ni kwamba mwishoni mzee alilipokea boksi, akasema, "Haya, mjukuu wangu."

Jumamosi uwanja ulifurika. Akina mama waliuza korosho za kukaanga, na watu walikaa hadi juu ya bajaji. Mkorosho walitoka wamevaa jezi mpya. Mbele kabisa alikuwa Kelvin, na mkononi mwake Faraja, shingo juu. Helena alikaa kwenye nyasi pamoja na wanafunzi wengine, daftari mapajani. Alitamani angekuwa yeye, lakini alipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Mzee Komba alifungua boksi. Glovu zilikuwa zimechakaa, moja imeshonwa kwa uzi wa kufungia magunia. Kelvin alizipokea kwa mikono miwili. Kisha alifanya jambo ambalo halikupangwa: alikishika kile kidole kilichopinda, akainama.

"Mzee wangu," alisema kwenye kipaza sauti, "mimi nikiumia kidole nina daktari na makipa wawili wa akiba. Sijui kama ningerudi golini."

"Na mimi mashuti ya siku hizi, yale yanayopinda hewani, yangenipita yote," Mzee Komba alijibu. "Usijilinganishe na mimi, mwanangu. Wewe daka ya kwako."

Watu walikuwa bado wanashangilia Mzee Hassani alipoingia uwanjani, kanzu yake ikipepea, jogoo mwekundu mwenye kamba mguuni akiwa kwapani. Alitembea moja kwa moja mpaka mbele ya rafiki yake.

"Mngoni!" alipaza sauti. "Maneno yamezidi mjini. Nimeleta jogoo wako, ili angalau watu wakisema, wawe wanasema kweli!"

Mzee Komba alimkagua jogoo mguu kwa mguu.

"Amekonda," alisema. "Mapaja umeshakula tena?"

Uwanja mzima ulivunjika mbavu. Faraja alicheka kuliko wote, naye akapewa kamba ya jogoo aishike.

Mzee Komba akaja mpaka walipoketi wanafunzi, akasimama mbele ya Helena.

"Mjukuu wangu, sikia. Uongo si lazima uwe neno ulilotunga. Ukiona mambo mawili ukasema moja, lile linalokufaa, umeshadanganya, hata kama kila neno ulilosema ni la kweli. Unataka kumpima mtu, awe wa zamani au wa leo, basi maliza maswali yako kwanza. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, babu."

"Vizuri. Mengine matano njoo uniulize kesho. Hassani atakuwepo, kwa hiyo njoo na masikio mawili."

Refa alipuliza kipenga. Jogoo akashtuka, akawika kwa sauti iliyofika hadi barabarani. Helena alifungua daftari, akaandika: *Jogoo amewika.* Alitaka kulifunga, kisha akalifungua tena, akaongeza: *Na watu wote walikuwa wanacheka.*