Anayewageuza Wazee

Mgongo wa Mzee Fanueli ulikuwa laini kama wa mtoto aliyetoka kuogeshwa, na hilo ndilo lililoanza kumtia Evaline wasiwasi.

Evaline alikuwa afisa ustawi wa jamii kutoka Same mjini. Kilichompandisha milimani siku ile ni ukaguzi wa huduma katika nyumba ya wazee iliyo juu ya kijiji cha Vudee, nyumba iliyojengwa na wafadhili ambao siku hizi hawaonekani tena. Alikuwa na mtindo wake wa kazi. Hakuanzia ofisini. Aliingia kwanza vyumbani, akaamkia, akaomba ruhusa, kisha akamgeuza mzee ubavu na kumtazama kiunoni na visiginoni, pale ambapo mtu asiyeinuka kitandani huoza akikosa wa kumgeuza. Mzee Fanueli alikuwa hainuki tangu kiharusi kimpige mwaka juzi. Hakuwa na kidonda hata kimoja. Kucha zimekatwa, ngozi imepakwa mafuta. Shuka halikunuka mkojo. Lilinuka jivu, lile jivu la moto uliozimwa kwa maji.

"Babu, nani anakuogesha?"

"Binti yangu," alisema mzee. "Anakuja jua likizama. Hachoki huyo."

Kwenye kitanda cha jirani alilala Mzee Clemence, mtu wa Kigoma aliyekuja ujanani kukata mkonge na hakurudi kwao tena. Naye alijibu hivyo hivyo: binti yangu. Ng'ambo ya korido, Bibi Tausi, aliyetoka Songea na mumewe, akamzika huku bila kujaliwa mtoto, alitabasamu kwa ufizi mtupu. "Ni binti yangu, ewe mjukuu wangu. Nani mwingine?"

Evaline alimfuata Faustina, msimamizi wa nyumba, jikoni.

"Dada Faustina, wahudumu wako wako wapi?"

"Niko mimi na mpishi."

"Wawili tu? Na hawa wote wanageuzwa na nani?"

Faustina aliendelea kukoroga uji ambao ulikwisha kuiva. "Andika kwamba wako salama, dada. Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Ndiyo maana nauliza."

Gari lilisimama nje. Alikuwa Doris, binti wa Mzee Fanueli, ametoka Arusha na blanketi jipya mikononi. Aliingia akicheka, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwamkia babake kwa Kichasu, lugha ya kwao. Mzee alimkazia macho muda mrefu.

"Huyu nani?"

"Ni mimi, baba. Doris."

"Doris yupo. Ananiogesha kila siku. Mtoeni huyu, ana mikono ya baridi."

Doris alitoka akijikwaa, akaketi kibarazani na lile blanketi mapajani. Hapo ndipo Faustina alipofunguka. Alisema kwa kunong'ona, akitupa macho koridoni kila baada ya maneno machache.

"Si yeye peke yake. Kila mtoto anayekuja anakataliwa hivi hivi. Wengine wameacha kuja. Wakati wa masika wahudumu waliondoka mmoja mmoja, nikabaki na wazee wote hawa. Walikuwa wanaita, dada. Huyu kajiharia, yule ana kiu, yule anaumwa mgongo. Nilifika mahali nikajifungia chumbani, nikajifunika mto masikioni. Nilipotoka nikawakuta wote wasafi, wamelala kama malaika. Nikamshukuru Mungu. Sikuuliza."

"Na hujamwona?"

"Sijataka kumwona."

Evaline aliamua kungoja. Jua lilipoegemea upande wa mbugani, ukungu uliteremka kutoka msituni ukaijaza korido, na ile harufu ya jivu bichi ikaja nayo. Wazee walianza kuita. Hawakuita kwa taabu. Waliita kwa sauti tamu, kama watoto waliosikia mama anarudi kutoka sokoni. Kisha kitu kikaitika.

"Abee."

Ilikuwa sauti ya msichana, karibu mno. Evaline alisimama mlangoni mwa Bibi Tausi, mkono umeng'ang'ania kitasa, akaona shuka likifunuliwa taratibu na hakuna aliyelifunua, akaona maji yakitikisika ndani ya beseni na kitambaa kikijikamua chenyewe juu yake, akaona mwili mdogo wa yule bibi ukiinuliwa na kugeuzwa ubavu kwa upole ambao yeye mwenyewe, kwa miaka yote ya kazi yake, hajawahi kuuona kwa muuguzi yeyote, na juu ya nyama ya paja iliyonyauka, palepale alipokuwa anatazama, vikabonyea vishimo vya vidole, virefu kupita vya mtu, vikizunguka paja zima na kukutana upande wa pili. Bibi Tausi aliguna kwa raha. Halafu vile vishimo vikaachia, kitambaa kikatulia hewani, na Evaline akajua kwamba kilichokuwa kimeinama pale kitandani kimegeuza kichwa na kinamtazama.

Alikimbia hadi kibarazani. Doris alimdaka.

Kesho yake Doris alirudi na Bi Salha wa Kihurio, mama wa makamo mwenye kikohozi, anayejulikana huko mashamba ya mpunga kwa kazi ya kutoa majini. Bi Salha hakupiga makelele. Alifukiza ubani chumba hadi chumba, akisoma kwa sauti ya chini, na alipofika kwa Bibi Tausi, kinywa cha bibi kikafunguka na ile sauti ya msichana ikatoka humo.

"Mnanifukuza kwa kosa gani?"

"Nani kakuita hapa?" aliuliza Bi Salha.

"Wote. Waliita, hakuitika mtu. Nikaitika mimi. Anayeitika ndiye mtoto."

"Unawasahaulisha watoto wao."

"Nawapunguzia maumivu ya kungoja."

Faustina alijiziba uso kwa kanga. Bi Salha alisoma hadi jasho likamlowanisha kifua, hadi vioo vya madirisha vikatetemeka na wazee wote wakalia kwa pamoja kilio cha msibani, na kitu kizito kikapita koridoni, kikatoka mlango wa mbele, majani ya migomba yakalala upande mmoja kuelekea msituni.

"Nimemtoa," alisema Bi Salha akikohoa. "Sijamuua. Wazee hawa wakiita, aitike mtu mwenye damu. Akitangulia yeye tena, msinifuate."

Mchana ule Mzee Fanueli alifumbua macho, akamwona Doris. "Doris, mama," alisema, kama alivyomwita tangu utotoni, "umekonda." Doris alilia. Alimpakia babake garini, akaondoka naye.

Evaline aliandika ripoti yake. Aliomba wahudumu, aliomba dawa na magodoro, akapiga simu kila alipoweza. Aliahidiwa. Mhudumu mmoja alipelekwa, akasikia habari za ile nyumba, akateremka na bodaboda siku hiyohiyo. Faustina alibaki akikimbia kutoka kitanda hadi kitanda.

Evaline aliporudi baada ya wiki kadhaa, alipokewa na harufu ya mkojo kabla hajafika mlangoni. Faustina na mpishi walikuwa wameteremkia zahanati kuomba dawa. Bibi Tausi alikuwa amelala juu ya shuka lililolowa. Kiunoni mwake palikuwa na kidonda cha kuingia ngumi. Evaline alivua koti, akachemsha maji, akamwosha. Bibi alipiga kelele kila alipoguswa.

"Mlinifukuzia mwanangu," alisema bibi.

"Hakuwa mwanao, bibi."

"Na wewe ni wa nani?"

Evaline alimfunga kidonda, akamtandikia shuka kavu, akaketi akamshika mkono. Nje, ukungu ulikuwa umefika migombani. Alipaswa kuondoka kabla njia haijafungika. Mara bibi akainua kichwa, akaita kwa nguvu zake zote:

"Mwanangu!"

Kitu kilikanyaga barazani, kisha koridoni. Harufu ya jivu bichi ilipenya chini ya mlango, na Evaline akasikia pumzi ikivutwa upande wa pili, pumzi ya mtu anayejiandaa kusema.

"Abee!" alijibu Evaline, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Abee, mama. Nipo hapa."

Nje ya mlango, ile pumzi ikakatika. Bibi Tausi alimtazama, machozi yakamtiririka hadi masikioni, akaubana mkono wa Evaline.

Ndipo, ng'ambo ya korido, Mzee Clemence naye akaita.

Evaline aliruka, lakini bibi hakumwachia. Evaline aliuvuta mkono wake. Alifumbua kinywa aitike kutoka palepale.

"Abee," ilisema sauti ya msichana koridoni, na mlango wa Mzee Clemence ukafunguliwa taratibu.