Herufi Sita za Kisima

Kisa hiki nilikishuhudia mwenyewe tangu kichwa hadi mkia, kwa macho yangu haya mawili, na pale macho yaliposhindwa nilitazama kwa masikio. Ukisikia mtu mwingine anakisimulia, huyo ameokota makombo kwangu. Nilikuwa dereva wa ofisi ya kupima njia za mabomba ya maji, na dereva, kama hujui, huona kila kitu kwa sababu hakuna anayemwona yeye. Shule niliiacha mapema, au tuseme yenyewe iliniacha, lakini kusimulia najua, na chumvi sitii.

Kilianza kidogo tu. Kompyuta ilikataa nukta moja.

Ofisi yetu ilikuwa chumba chenye meza mbili na feni iliyozunguka kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Meza moja ilikuwa ya mpimaji tuliyemwita Hatua, kwa miguu yake mirefu. Akipiga moja, wewe unapiga tatu na bado unaachwa. Meza ya pili ilikuwa ya mdogo wa mkewe, binti aliyekuwa fundi wetu wa kompyuta. Kwa kuwa yeye na Hatua waliitana shemeji, ofisi nzima ilimwita Shemeji, hata mkubwa wetu, ambaye hakuwa na undugu naye hata wa kuazima.

Kazi ilikwenda hivi. Hatua aliingia porini na kifaa cha GPS cha mkononi, kidude cha zamani chenye kioo cha kijivu. Akifika mahali pa kukumbukwa, anabonyeza, kifaa kinashika mahali pale, naye anapaandikia jina. Akirudi, Shemeji anakiunganisha na kompyuta kwa waya, nukta zinahama, mstari wa bomba unachorwa, unapelekwa kwa wenye mashine za kuchimba. Wao huchimba kilichoandikwa. Hawaulizi.

Kifaa kile kilikuwa na ubahili wake: jina halikuzidi herufi sita. MTO, sawa. DARAJA, sawa. Nyumba ya mwalimu iliishia kuwa NYUMWA, na siku moja mkubwa alitaka kujua huyo mgeni ni nani.

Siku ya kisa, Hatua alikuwa anapima kipande cha mwisho. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, mtoto wao wa kwanza baada ya miaka ya kungoja, na mguu wake mmoja ulikuwa porini, wa pili nyumbani. Mimi nilikuwa nimeegemea boneti, nikichokonoa meno, nilipomwona bibi mmoja akitoka kwenye shamba lake la mihogo na kumsimamisha.

"Hapa amelala mwanangu," alisema, akionyesha mawe machache yaliyopangwa kwenye majani. "Andika, baba, mashine zisije zikampitia."

Hatua alitazama mawe, akatazama nyuma. Nukta ya kaburi hulazimisha mstari upinde. Ilimaanisha kurudi hadi kona ya mwisho na kuupitia upya ule msitu wa miiba uliokuwa umemchana suruali. Kisima kikavu, lakini, hujazwa mawe na bomba likapita juu yake.

Akabonyeza. Bibi akasogea, akachungulia kioo.

"Kusoma sijui," alisema, "ila mjukuu wangu alinifundisha kaburi lina herufi ngapi." Akahesabu kwa kidole, moja moja, hadi sita. Akatabasamu. "Ndiyo lenyewe. Ahsante, mwanangu."

"Karibu, mama," alisema Hatua, na hatua alizopiga kurudi garini zilikuwa fupi kuliko zangu.

Alikuwa ameandika KISIMA.

Kesho yake asubuhi, ofisini, Shemeji alichomeka waya. Nukta zilianza kuhama vizuri, halafu zikasimama.

"Imekwama," alisema. "Ikifika hapa kwenye KISIMA inagoma."

"Badilisha waya," alisema Hatua, bila kuinua uso.

"Nimebadilisha."

"Betri?"

"Mpya. Hata vumbi la dukani sijazifuta."

"Zima, washa."

"Shemeji, nimezima na kuwasha mpaka kidole kimeota sugu. Kidude hiki kingekuwa mgonjwa wangu kingekuwa kimeshazikwa."

Mimi nilicheka. Hatua hakucheka.

Shemeji hakuwa mtu wa kukubali kushindwa na kidude. Alijaribu tundu jingine la kompyuta. Aliifuta ile programu inayoitambulisha GPS kwa kompyuta, akaiweka upya. Akanieleza, maana mimi huuliza, kwamba kifaa na kompyuta lazima viongee kwa kasi moja. Kimoja kikiongea haraka na kingine kikisikiliza polepole, ni sawa na mtu na mama mkwe wake kwenye simu mbovu. Akapanga kasi sawa pande zote mbili. Muda wote huo Hatua alimtazama akihangaika, akijua neno ambalo lingemaliza kazi, na neno lenyewe likamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Imeingia," Shemeji alisema hatimaye. Kisha akakunja uso. "Lakini hii KISIMA haipo kwenye mstari. Iko huku, kwenye barabara ya machimbo. Shemeji, ulisimama hapo kweli?"

"Nilisimama kwenye mstari."

"Ni kisima cha namna gani?"

"Cha zamani," alisema Hatua, na masikio yake yalikuwa yanatoka jasho. Sijawahi kuona masikio yanatoka jasho, na nimeona mengi.

Shemeji akachomoa waya. Kwenye mdomo wa waya lilining'inia tone la maji.

Alilitazama, akaangalia dari. Dari ilikuwa kavu. Mvua tulikuwa tumeisahau. Akalifuta kwa pindo la gauni, na hapo ndipo harufu ilipotufikia, harufu ya maji yaliyokaa gizani muda mrefu, ya majani yaliyooza na ndoo yenye kutu.

"Labda ni mtindo wa kuandika hesabu za mahali," alisema, lakini kwa sauti ndogo. "Kifaa kinaandika kivyake, kompyuta inasoma kivyake." Akalinganisha mitindo. Akahamisha tena. Nukta zote zilikaa palepale. KISIMA ilikuwa imetoka machimboni, imefika sokoni.

Akahamisha tena. Ilikuwa imepita soko.

Kri, kri, kri. Sauti ilitoka juu yetu, kama kamba inayopita kwenye kapi la kutekea maji.

"Hiyo feni nayo," nilisema.

Shemeji akaizima feni. Mapanga yakasimama. Sauti ikaendelea.

Akachomeka waya tena, akahamisha kwa mara nyingine, akainamia kioo, na aliponyanyuka midomo yake ilikuwa imepauka. "Shemeji," alinong'ona, "hapa ni mtaani kwenu."

Hatua alinyakua kifaa, mimi nikanyakua funguo, Shemeji akakumbatia kompyuta yake ya kupakata pamoja na waya, akapanda nyuma. Ilikuwa mchana, jua limesimama katikati ya kichwa, watu wanapigana vikumbo madukani, hakuna mahali pa mtu kuogopa. Kwenye kioo cha GPS kulikuwa na neno KISIMA na chini yake umbali, na umbali ulikuwa unapungua, jambo la kawaida kwa kuwa tulikuwa tunalikaribia. Nikaegesha mbele ya nyumba ya Hatua, nikazima injini. Gari lilisimama, sisi tulisimama, na umbali ukaendelea kupungua.

Mkewe alitufungulia mlango akiwa na mtoto begani. "Baba mtoto, kuna bomba limepasuka chini," alisema. "Sakafu ya chumbani inatoka jasho tangu asubuhi. Na huyu halii. Nimemfinya, halii."

"Umeita nani?"

"Fundi bomba amesema mabomba ni mazima. Basi nikamwita yule mama."

Yule mama alikuwa mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, na tulimkuta chumbani amepiga magoti kando ya kitanda cha mtoto, sikio lake limelala sakafuni. Alitunyamazisha kwa kidole. Sasa nisikilize, maana nilikuwa mlangoni na sikuona kwa kuhadithiwa: chini ya kitanda kile cha mtoto vigae vilikuwa vimelowa na kudidimia katikati kama shuka lililokaliwa na mtu, na katikati ya pale palikuwa peusi, na kutoka pale peusi ilipanda ile harufu ya ndoo na majani, na kri, kri ya kapi, si juu tena bali chini, mbali chini, ikipanda, kana kwamba kuna mtu ndani anavuta kamba kwa subira, mkono baada ya mkono, na kila kamba ilipovutwa kigae kilishuka kidogo, na mtoto begani mwa mama yake alifungua kinywa bila kulia, na kinywani, badala ya sauti, likatoka tone la maji meusi likateremka kidevuni na kudondoka.

"Huyu hajavamia," mganga alisema taratibu. "Huyu amealikwa. Anasema ameahidiwa kisima. Nani kamwahidi?"

Shemeji alimgeukia Hatua. Mkewe alimgeukia Hatua. Hata mimi nilimgeukia, ingawa moyoni nilikuwa natafuta mlango wa nje.

"Si kisima," Hatua alisema. "Ni kaburi."

"Kaburi la nani?" Shemeji aliuliza.

"La mwana wa bibi mmoja. Aliniomba niliandike. Nilitaka kuwahi nyumbani."

"Na mimi," Shemeji alisema, "nimevunja kucha na waya asubuhi nzima ili nilipeleke kwa watu wa mashine. Na wewe umekaa hapo, unaniambia betri."

Mkewe alimhamisha mtoto kutoka bega lililokuwa upande wa mumewe, akampeleka bega la pili.

Mganga akaeleza huku sikio lake bado liko chini. Jini huyu alikuwa wa kisima kilichofukiwa zamani, hana kwao. Akasikia pameandikwa kisima. Akaenda, akamkuta mwana wa yule bibi amelala pale, na majini wa maji hawalali na wafu. "Sasa amekuja kwa aliyeandika. Atachimba mahali penye kitu unachokipenda. Mimi siwezi kumfukuza mwenye haki. Lifuteni neno."

Hatua alibonyeza kifaa. K, A, B, U, R, I. Akahifadhi. Kioo kikapepesa, kikaandika KISIMA. Akarudia. KISIMA. Kigae kikashuka.

"Nakala nyingine iko kwenye kompyuta," Shemeji alisema, akipiga magoti majini. Akachomeka waya uliokuwa unadondosha matone. "Tufute kote kwa pamoja, tuandike kaburi. Nikisema sasa."

"Na ya tatu?" aliuliza mganga.

"Ipi ya tatu?"

Mganga alimwonyesha Hatua mdomo.

"Sasa," alisema Shemeji.

Vidole vyao viwili vilibonyeza, na Hatua, yule mwanamume mrefu, alipiga magoti hadi paji la uso likagusa vigae, akasema ndani ya lile shimo, kwa sauti niliyoisikia mlangoni: "Hakuna kisima. Nilimdanganya mama wa watu mbele ya kaburi la mwanawe, naye akanishukuru. Sina kisima cha kukupa. Nilisema uongo."

Kamba iliacha kupanda. Kwa muda ilining'inia. Kisha kri, kri, ikaanza kuteremka, polepole, kama mtu aliyechoka anayerudi asikokujua. Maji yakanywewa na sakafu. Mtoto akavuta pumzi, akalia, akalia kama tarumbeta la harusi, na mama yake akakaa chini akalia naye.

Shemeji akatazama kioo. Nukta zote zilikuwa zimehama. KABURI ilikuwa kwenye mstari, palepale penye mawe.

Kesho yake nilimpeleka Hatua kwa yule bibi. Alimweleza yote, amesimama kichwa wazi juani. Bibi akaomba aone kioo, akahesabu kwa kidole.

"Sasa ni ngapi?" Hatua aliuliza.

"Sita," bibi alisema. "Zilikuwa sita hata siku ile." Akarudi kwenye mihogo yake, na hakumwita mwanangu tena.

Bomba lilipindishwa. Hatua aliipitia ile miiba upya, kwa miguu yake, na hakuniruhusu nimbebee hata chupa ya maji. Mpaka leo, mtoto akilia, yeye ndiye wa kwanza kufika, na mkewe humpa mtoto yule baada ya kumtazama kidogo. Kifaa kilifungiwa kwenye droo, kikakaa kimya.

Nilisema chumvi sitii, na sikutia, ila punje moja, nayo ni hiyo ya mwisho. Hakikukaa kimya. Nilitunga hivyo kwa kuwa umenivumilia hadi hapa na nilitaka ulale. Betri tulizitoa, lakini watu wakienda kula mchana, droo hulia kri, kri. Niliifungua mara moja. Kioo kilikuwa kinawaka, kimeandika KISIMA, na umbali ulikuwa unapungua, kisha unaongezeka, kisha unapungua tena, kama wa mtu anayepita nyumba hadi nyumba, akiuliza.