Karibu Kiti, Mnyonya Damu

Kiti kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana mkutano ulifanyika chini ya turubai na viti vingine vyote vilikuwa vimepoa. Hiki kimoja, cha plastiki nyeupe, kilikuwa na joto la mtu aliyekaa muda mrefu na kuridhika. Na hakuna aliyekikalia.

Spika alikigusa tena, akanusa kiganja. Kilinuka chuma kilicholowa maji.

"Watoto hawa hawaachi kitu," akasema, akamsukumia dereva akipakie na vingine.

"Hiki mbona kizito?"

"Kizito, au wewe umelegea? Pakia, twende."

Jina la Spika alipewa na mtaa, na halikumkosea. Alikuwa mhamasishaji wa kituo cha utafiti, kile chenye ukuta mweupe, ambako chanjo mpya ya homa ilikuwa inajaribiwa kwa watu waliokubali kwa hiari yao. Madaktari wa pale walijua sindano. Kuongea na watu hawakujua. Wakishuka mitaani walizungumza kama wanasoma maandishi ya kwenye sanduku la dawa, wasikilizaji wanapiga miayo mpaka machozi yanawatoka. Spika alikuwa na mdomo. Ukimtupia neno moja alikurudishia matatu, na la mwisho ndilo lililokupeleka nyumbani. Mumewe, watu walisema, hakuhama kwa sababu ya mwanamke mwingine. Alitaka tu siku moja naye amalize alichoanza kusema.

Adui wa kituo alikuwa uvumi. Mitaani walisema ile damu wanayotolewa watu haipimwi chochote, kuna jini amefugwa kwenye chumba cha friza na ndiye anayenyweshwa. Madaktari waliujibu uvumi huo kwa michoro. Spika aliujibu kwa kiti. Kila mkutano aliacha kimoja mbele, kitupu, kisha akashika kipaza sauti:

"Hiki ni cha jini! Mnyonya damu, karibu kiti! Usione haya, kituoni ni kwako, njoo utuambie unapenda ya moto au ya baridi!"

Watu waliangua kicheko, na kila aliyeogopa alicheka zaidi ya mwenzake asije akaonekana mshamba, na wakishacheka walijiandikisha. Kisha alimalizia na silaha yake kubwa. "Damu ya kwanza kuingia mle ndani ni ya kitinda mimba wangu. Mimi huyu nimnyweshe jini mwanangu?" Hapo hata wabishi walinywea.

Daktari Mkuu alimsifu mbele ya wageni. Hakuna hata mmoja, pamoja na elimu yote iliyokuwa imejaa pale, aliyejiuliza itakuwaje kama anayeitwa kila juma, mbele ya mashahidi, kwa kipaza sauti, ataamua kuitika.

Aliporudi na viti vyake siku hiyo, mtaalamu wa maabara alikuwa anamngoja mlangoni. Huyu walimwita Glovu, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliyedaiwa kulala na mipira yake ya mikononi. Alimvuta pembeni.

"Dada, njoo uone kitu. Halafu usipige kelele."

"Mimi tangu lini napiga kelele?"

Glovu hakucheka, na hapo ndipo Spika alipoanza kuogopa. Ndani ya chumba cha friza vichupa vya damu vilikuwa vimesimama kwenye vishikizo vyake, vifuniko vimebana, gundi haijaguswa. Lakini damu ilikuwa imepungua. Kimoja nusu, kingine robo, kama vikombe walivyoviacha wageni wasio na adabu. Kimoja kilikuwa kikavu kabisa, kioo kinang'aa, hakina hata alama ya wekundu. Kimelambwa.

"Hiki cha nani?"

Glovu aliangalia ukutani. "Cha binti yako. Nimemtoa damu mara mbili. Mara zote mbili nimekikuta hivi."

Walikwenda kwa Daktari Mkuu. Alisikiliza huku anapanga kalamu zake, akasema friza ni mbovu, au Glovu ni mbovu, na lolote kati ya hayo mawili lisitoke nje ya ukuta, kwa sababu wafadhili wako njiani. Akamgeukia Spika na tabasamu la kumpa mtoto dawa chungu.

"Mama, wewe ndiye unayewaondolea watu ushirikina. Usinianzie leo."

Spika alikwenda nyumbani mchana ule ule bila kuaga. Alimkuta kitinda mimba amelala sebuleni, binti mzima wa kuolewa, aliyekuwa anabeba ndoo mbili kwa mkupuo. Sasa midomo imekuwa rangi ya majivu na kucha zimekuwa kama za maiti aliyeoshwa. Juma zima alikuwa amejilaza akisema ni uchovu tu, na mama yake, aliyekuwa hodari wa kuwauliza watu wa mitaa mizima hali zao, hakuwa amekaa kumuuliza wa kwake.

"Mama," binti alinong'ona, "yule mgeni wako ameshaondoka?"

"Mgeni gani?"

"Si huyo aliyekuwa amekaa miguuni kwangu. Nilimwambia atoke, akasema wewe ndiye umemkaribisha. Akasema umemwambia mimi ndiye wa kwanza."

Spika alimfunua mkono. Pale palipoingia sindano, siku nyingi zilizopita, palikuwa pabichi, pekundu, pana unyevu, kama titi la mama ambalo mtoto ameliachia sasa hivi tu.

Alirudi kituoni mbio, na kwa kuwa ilikuwa saa ya chakula na wafanyakazi wote wamekwenda kula, yeye na Glovu walijifungia kwenye chumba cha friza, taa zinawaka, dirisha liko wazi, watu wanasikika wakicheka kule kwenye kantini, na wakaketi wakivitazama vichupa. Kwanza ilikuja harufu, ile ile ya chuma kilicholowa, ikapanda kutoka sakafuni polepole kama maji yanavyopanda kwenye nyumba iliyojengwa bondeni. Kisha ikaja sauti, ndogo, ya mtu anayefyonza mwisho wa kinywaji kwa mrija na hataki kuacha hata tone, na mbele ya macho yao, bila mkono kuonekana wala kifuniko kutikisika, damu ya kichupa cha kwanza ikaanza kushuka, ikashuka ya pili, ikashuka ya tatu, safu nzima, huku Glovu akijaribu kusoma dua na kila akifika katikati anapotea na kuanza upya, na Spika, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu alipoachishwa ziwa, amefungua mdomo na hakuna kinachotoka, mpaka kikatoka, kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kwenye kipaza sauti, nyuma ya kisogo chake, karibu kiasi cha kumpuliza nywele:

"Karibu kiti. Usione haya. Ya moto ndiyo napenda."

Glovu alipasua kichupa kwa kukurupuka. Damu haikufika chini.

Kutoka pale Spika alikwenda moja kwa moja kwa mganga, aliyeishi nyuma ya karakana ya baiskeli. Alikuwa mzee mkavu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alimpokea Spika kwa kinyongo.

"Nakufahamu. Nilikuja kujiandikisha kwenye chanjo yenu, mkaniambia nimezeeka."

"Babu, hayo tutayazungumza..."

"Nimezeeka! Sasa leo hao vijana wenu wameshindwa nini, mpaka mmenifuata mimi niliyechakaa?"

Spika alimeza jibu. Lilimchoma likishuka, lakini alilimeza. Akaeleza yote, akilia bila kujua kwamba analia. Mzee alisikiliza, kinyongo kikamtoka usoni, pakabaki kitu kibaya zaidi, nacho ni huruma.

"Huyo hakuvamia, mwanangu. Huyo ni mwalikwa. Mwalikwa siwezi kumtoa mimi, hata nikichoma ubani wa dunia nzima. Umemwita mbele ya watu kwa ulimi wako. Utamtoa mbele ya watu kwa ulimi wako. Kesho, kabla binti hajaishiwa."

"Nitamtoa. Nitamtoa leo hii!"

"Tulia, usikie. Yeye hatoki kwenda hewani. Ukishamtoa atakuuliza aende wapi, na utakalomjibu ndilo hilo hilo, halirudi. Mtajie mahali pasipo na mtu. Lile shimo la machimbo ya mawe lililoachwa, linafaa. Sema machimboni, kisha funga mdomo. Umesikia? Neno moja, kisha funga mdomo. Maana yeye naye anakujua, atakutafutia lingine."

Daktari Mkuu aliposikia alipiga meza. "Ukisimama mbele ya watu ukasema jini yupo, utafiti umekufa. Miaka yote hii, watu wote hawa!"

"Na mwanangu?"

"Mwanao tutamwongezea damu."

"Ya nani?" Spika akamuuliza. "Ile iliyobaki kwenye friza?"

Kesho yake uwanja wa kituo ulifurika. Habari ya Spika kuongea ilikuwa kama ngoma ya bure. Walikuja waliojiandikisha na wasiojiandikisha, na watoto mgongoni. Binti alilazwa kwenye mkeka mbele, macho yamefumba, pumzi zinahesabika. Mganga alisimama upande mmoja, Glovu upande wa pili. Kiti kikawekwa.

Hakuna aliyecheka safari hii, kwa sababu kila mtu aliona. Miguu ya plastiki ilitanuka taratibu, kalio la kiti likabonyea, na ile harufu ikapita juu ya vichwa vya watu. Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamziba mdomo.

Spika alishika kipaza sauti kwa mikono miwili. "Jamani. Nilichokuwa nawaambia kila juma hakikuwa kweli. Jini yupo. Hakufugwa na mtu, nimemwita mimi, kwa mzaha wangu." Akakigeukia kiti. "Wewe uliyekaa hapo. Mimi niliyekukaribisha nakwambia, karamu imekwisha. Toka kituoni. Toka kwenye damu ya mwanangu. Toka!"

Kiti kilitetemeka. Kwenye mkeka binti alivuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetolewa chini ya maji. Spika akamuona anavuta pumzi, na furaha ikampanda kichwani, na hapo kipaza sauti kikauliza chenyewe, kwa sauti yake:

"Niende wapi?"

Mganga alimtolea macho, midomo yake ikiunda neno lile moja. Spika akavuta hewa alitamke. Lakini katikati ya umati palikuwa na muuza mkaa, mwanamke ambaye Spika alikuwa amewachekesha watu juu yake mkutano baada ya mkutano kwa kuwa aliamini jini yupo, aliyeitwa mshamba mpaka wanawe wakatungiwa nyimbo. Woga ulikuwa umemshika kama wengine, lakini kinyongo kilikuwa kimewahi mbele yake.

"Leo umekwama, mwanamke mwenye maneno!" akapayuka. "Si ulituita washamba? Mpeleke kwako! Umezoea kutuletea uchafu wenu huku, mchukue uende naye, mlale naye kitanda kimoja! Au unataka kumpeleka kwa nani?"

Na watu, kwa sababu hofu ikikosa pa kutokea hutokea popote, wakacheka. Walimcheka yeye. Uwanja mzima.

Mkono wa mganga ulikuwa umeshainuka kumziba mdomo. Ulichelewa. Spika hakufikiri, hakuwa amewahi kufikiri kwenye mabishano, na ndiyo maana hakuwa amewahi kushindwa.

"Kwenu!" akabweka. "Kwenu nyote!"

Kicheko kilikatika. Kiti kikajinyoosha, tap, kama mtu aliyekuwa amekaa amepata alichokuwa anakingojea na kuinuka. Hakukuwa na upepo, lakini nguo za watu zilipepea, kwanza za waliokuwa mbele, kisha za katikati, kisha za nyuma kabisa, zikielekea langoni, na kule nje mtaani mbwa mmoja alilia, akaitikiwa na wa mtaa wa pili, na wa tatu, kila sauti mbali zaidi ya ile iliyotangulia.

Mganga alivua miwani yake, akaitia mfukoni, akaondoka bila kudai kitu.

Binti alifumbua macho, akasema ana njaa.

Alipona. Mashavu yalirudi, kucha zikarudi, ndoo mbili kwa mkupuo. Spika hakutoka nje. Alikaa dirishani kwenye chumba walichopewa pale kituoni ili binti aangaliwe, akimtazama mwanawe akila, na akajiambia kwamba mama yeyote angefanya vile vile, ingawa alijua vizuri kwamba hakufanya kama mama. Alifanya kama Spika.

Juma halikuisha kabla watu hawajaanza kuja. Hawakuitwa, hakuna gari lililopita mtaani. Walipanga foleni kuanzia chini ya dirisha la Spika, kupita langoni, mpaka barabarani, kimya, wamebebana, watoto kwa wazee, midomo rangi ya majivu, kila mmoja amejishika mkono pale sindano ilipoingia, na wengine ambao sindano haikuwagusa wamejishika shingo. Daktari Mkuu alikuwa anakimbia huku na huku bila kalamu hata moja.

Mbele ya foleni alisimama muuza mkaa na mjukuu wake mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea kama kitambaa. Hakuwa na matusi. Aliongea taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Dada, yule mgeni wako nimemtoa nyumbani kwangu. Nimesema kama ulivyosema wewe. Naye ameniuliza aende wapi."

Spika alifungua mdomo.

Muuza mkaa hakumngoja. Alikuwa ameshayahamisha macho yake, yamempita Spika begani, yameingia chumbani, yametua juu ya binti aliyekuwa anakula, na mashavu yake yaliyojaa damu.