Baridi ya Kiti cha Mbele

Hita ya gari ilimpuliza Kinyanjui joto, ikampuliza mkewe baridi. Mwanzo Wahu alidhani ni Julai tu, maana Julai ya Nairobi haina urafiki na mtu, na ile ya mwaka sabini na mbili ndiyo usiseme. Lakini kila asubuhi wakitoka Kileleshwa kwenda kazini mjini, mume alifungua kifungo cha shati huku yeye hahisi vidole vya miguu. Kilichomkera zaidi ni harufu ya asumini. Wahu hakuwahi kujipaka asumini maishani, na mwanamke akinusa manukato ya mwingine ndani ya gari la mumewe, jamani, haulizi habari za injini.

Alinuna wiki mbili. Kinyanjui akaapa hana mwanamke yeyote, akamwambia basi yeye mwenyewe alipeleke gari kwa fundi.

Fundi Kisilu wa Parklands alirithi kwa babake mambo mawili, spana na ubani. Kanuni yake ilikuwa moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo uguse kingine. Alibadilisha thamostati. Akabadilisha mipira ya maji. Akatoa hewa kwenye rejeta. Wapi! Basi akaanza kubadilisha watu. Aliketi yeye kiti cha abiria, joto. Akamketisha mama wa chai, joto. Alipoketi Wahu, baridi ikamshika hadi magotini.

Kisilu akainama dirishani, akanong'ona. "Mama Kihara, humu mna jini wa kike. Amempenda mzee wako. Mwanamke yeyote aliyelala na mzee wako, jini humpuliza baridi hivi. Baridi inapanda. Ikifika kifuani, tunazika."

Wahu hakuogopa alivyopaswa. Moyoni alifurahi, Mungu amsamehe, kwa sababu ile asumini ilikuwa ya jini na mumewe alikuwa msafi. Alishuka, na Kisilu akaenda kuwasha ubani wa kumtolea jini huyo, injini ikinguruma.

Upepo ulikuwa mkali pale uani. Njambi, mdogo wake Wahu aliyekaa kwao kumlea mtoto wao Kihara, alikuwa amekuja naye kwa fundi; akaona heri amkinge mtoto, akaingia naye kiti cha mbele. Hita ikakohoa, kisha mvumo wake ukashuka taratibu ukawa pumzi ya mtu mwenye hasira, na asumini ikajaa mpaka kooni, na kioo cha upande wa Njambi kikaingia ukungu kikawa cheupe huku cha dereva kikibaki kikavu, na meno ya Njambi yakaanza kugongana, akimwinua mtoto juu ya kifua bila kujua anamkinga na nini, na Wahu, aliyeshika mlango, akajua.

Kikulacho ki nguoni mwako. Njambi alikuwa amevaa sweta ya Wahu.

"Dada, mbona hii hita inatoa barafu?" akauliza.

Wahu akampokea mtoto. Wivu ulimchoma hata machozi yakakataa kutoka. Kisilu alirudi na chetezo kinafuka, akasema yuko tayari.

"Mwache huyo jini," Wahu akamwambia.

"Mama, nimekwambia inaua."

"Nimesikia."

Kisha akamgeukia mdogo wake kwa sauti ya upole, akamwambia mtoto atatafutiwa yaya mwingine. Yeye Njambi si alikuwa akitamani kusomea taipu mjini? Basi aanze kesho, awe akipanda na Baba Kihara kila siku, aketi mbele.

Njambi, angali anatetemeka, akamshukuru sana.