Bomba Langu Liliangamiza Shamba la Dada Yangu

Nina miaka thelathini na sita, fundi wa vyuma hapa Elisabethville. Wasomaji wenzangu, nisomeni kwa huruma, ingawa huruma yenyewe siistahili!

Nilifanya kazi kwenye shamba la majaribio nje ya mji. Mzungu wa kilimo alitaka kifaa cha kupandia mahindi bila kuinama. Nikamtengenezea bomba la chuma lenye ncha. Unalichoma ardhini, unavuta waya, ulimi wa bati unateleza, punje tatu zinadondoka shimoni. Tulilijaribu kwa mbegu ndogondogo za ghalani, zikatoka salama. Mzungu akaniahidi ukapita, yaani usimamizi, wa karakana. Jamani, sifa zilinivimbisha kichwa!

Dada yangu mkubwa, Kabedi, niliyemwita Yaya kama tuwaitavyo dada wakubwa huku kwetu, alikaa Kasungami na mumewe, Ilunga. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Mgongo ulikuwa unamsumbua, nikaona bomba litamsaidia.

Kama mjuavyo, mama zetu huchagua mahindi makubwa kuliko yote na kuyatundika juu ya moto, moshi uzuie wadudu. Hiyo ndiyo mbegu. Nilichukua konzi moja ya mahindi ya Yaya, nikavuta waya juu ya ungo. Punje zake zilikuwa nene mno kwa tundu la bomba langu... nyingi zilitoka zimekatwa na bati. Niliziona kwa macho yangu!

Kulikuwa na dawa: kupanua tundu kwa tupa, kazi ya asubuhi moja. Lakini wakubwa wa Mzungu walikuwa wanakuja kesho yake kuangalia. Niseme kifaa changu ni kibovu? Nikawamwagia kuku vile vipande, nikanyamaza.

Kesho yake Mzungu aliniuliza mbele ya wageni kama bomba linafaa kwa mbegu za wenyeji. Nikajibu kwa sauti kuwa zinatoka nzima. Wakapiga makofi!

Mvua ikanyesha, nikampelekea Yaya bomba bila kulipanua tundu. Yaya aliniuliza mara moja tu kama nina hakika. Nilipoitikia alicheka, akasema: “Mudogo yangu, weye njo fundi. Kama unasema iko muzuri, basi iko muzuri.” Akapanda mbegu yote aliyokuwa nayo.

Siku kumi zikapita, ardhi ikabaki nyeusi... Tulifukua mashimo. Vipande vimeoza, sisimizi wamejaa. Yaya alikaa chini kwenye matope, akanitazama.

Enzi hizo, kwa amri ya serikali, kila nyumba ilikuwa lazima iwe na shamba, na asiyelima alifungwa. Majirani walikuwa wameshapanda, hakuna aliyebaki na mbegu. Askari wakamchukua Ilunga.

Nilikimbia kwa Mzungu, nikamweleza yote. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo lililonimaliza. “Weye mwenyewe ulisema inatoka muzima,” aliniambia. “Bibi ile iko muvivu tu.” Nililia, nikapiga magoti, nikaapa nilidanganya. Ataniamini vipi sasa? Uongo wangu ulikuwa umeshaandikwa kwenye karatasi yake, nao ndio uliomfunga shemeji yangu!

Ilunga alirudi akikohoa, hakumaliza mwaka, akafa. Baada ya matanga Yaya alihamia Kasenga kwa ndugu za mumewe. Anauza samaki wa kukausha. Nimempelekea magunia ya mahindi mara mbili, yote yamerudi yakiwa yameshonwa vilevile. Nifanye nini tena, ndugu zangu? Sijui... kweli sijui!

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Ninyi mnaotengeneza vifaa vya wakulima, vijaribuni kwa mbegu za mkulima mwenyewe. Mkiona kosa, semeni siku hiyohiyo, hata kama wakubwa wamesimama mbele yenu. Msinifuate mimi!

Na wewe unayesoma haya ukiwa Kasenga, tafadhali nenda sokoni, muulizie Mama Kabedi anayeuza samaki. Hajui kusoma. Msomee hadi pale penye kuku, ajue kwamba niliona.